Barua ya wazi kwa wanaotoa tahadhari za dhoruba katika nyanda za Iowa na Nebraska

Kwa wakuu wa ofisi za National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, katika nyanda za Iowa na Nebraska;
Kwa makamishna wa FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani;
Kwa wakurugenzi wa dharura wa kaunti.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kukaa kati ya daktari na mgonjwa, kati ya mwalimu na mzazi, nikipeleka maneno huku na kule kwa Kiingereza na Kiswahili. Ninaishi mashariki ya Iowa, na wengi ninaowahudumia wametoka Kivu, Katanga, Burundi na Rwanda. Baadhi yao walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kupandishwa ndege kuja huku. Leo sizungumzi kwa niaba ya hospitali wala shule yoyote. Naandika kwa sababu majira ya joto yanaelekea ukingoni, miezi ya dhoruba za usiku imefika tena, na mfumo wa taifa wa tahadhari za simu bado hauna namna ya kumwambia mtu anayejua Kiswahili tu kwamba upepo wa kuezua nyumba uko dakika ishirini kutoka mlangoni kwake.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Watu ninaowaombea wana haki ya kusoma kinachoombwa kwa jina lao na kunisahihisha nilipokosea. Nakala ya Kiingereza nitaifikisha mwenyewe katika ofisi zenu.

1. Dhoruba zenu hutembea usiku, na watu wetu hufanya kazi usiku

Sisi si wageni wa radi. Kabare, katika Kivu Kusini, ndipo radi hupiga kwa wingi kuliko mahali pengine popote Afrika: uchunguzi wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipata zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nina majirani waliozaliwa upande huo. Wanajua kutoka chini ya mti, wanajua kuwaondoa watoto majini, na wamezika watu waliopigwa na radi wakiwa shambani. Mtu asidhani kwamba tatizo ni watu wasioogopa mvua.

Wasichokijua ni tabia ya dhoruba za huku. Kule kwetu wingu la radi mara nyingi hujengeka mchana juu ya milima, hunguruma, humwaga maji na kumalizika si mbali na pale lilipozaliwa. Katika nyanda hizi mawingu huanza alasiri chini ya milima ya Rocky, upande wa Colorado na Wyoming, hukusanyika, kisha hushika njia kwenda mashariki. Jua likizama hayafi. Upepo wa kusini unaobeba unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko huongeza kasi gizani na kuyalisha, na kufikia Agosti hata mahindi yenyewe, maelfu na maelfu ya ekari yakiwa yamekomaa kimo, hutoa mvuke unaoufanya usiku wa Iowa uwe mzito kama wa pwani. Ndiyo maana dhoruba iliyozaliwa Denver watu wakitoka kazini huweza kufika Nebraska watu wakiwa wamelala, na Iowa kabla ya alfajiri.

Sasa tazameni ratiba ya kiwanda cha nyama. Zamu ya pili huingia alasiri na kutoka karibu na usiku wa manane. Baada yake huja zamu ya wasafishaji, wanaoosha mashine hadi asubuhi. Hao ndio watu wetu. Saa ambazo mtangazaji wa televisheni anaonyesha rada na kueleza kwa utulivu, wao wamesimama kwenye mstari wa kukata, wamevaa vizibo vya masikio, na simu ziko kwenye makabati. Wanatoka nje saa sita usiku, wanne katika gari la mmoja wao, na barabara ya kurudi nyumbani inapita katikati ya mashamba matupu yasiyo na hata kibanda cha kujisitiri.

Na kuna jambo dogo linaloua. Kwetu mtu huangalia mvua: matone yakianza, anaingia ndani. Hapa hewa baridi hushuka kutoka kwenye wingu, hugonga ardhi na kutawanyika mbele kwa kasi, na upepo huo hutangulia mvua. Anayesubiri tone la kwanza ndipo aamue ameshachelewa. Sijawahi kuona kipeperushi chochote cha Kiswahili kinacholieleza jambo hilo, ilhali linaelezeka kwa sentensi mbili.

2. Tarehe 10 Agosti 2020 ilitosha kutufundisha

Hamhitaji kukumbushwa, lakini wasomaji walio mbali wanahitaji kujua. Asubuhi ya siku hiyo mawingu ya radi yaliungana karibu na mpaka wa South Dakota na Nebraska, yakageuka kuwa derecho, yaani dhoruba ya upepo inayosonga mbele kwa mstari mrefu bila kuzunguka kama tonado. Ilikwenda kama kilomita 1,240 kwa muda wa saa 14, ikapita Iowa yote kutoka magharibi hadi mashariki na kufika Ohio. Saa sita na nusu mchana ilikuwa Cedar Rapids. Upepo ulikadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa katika sehemu za mji huo, na haukuwa wa dakika mbili tatu. Katika maeneo mengi watu walipigwa kwa zaidi ya nusu saa. Mji ulipoteza zaidi ya nusu ya kivuli cha miti yake. Mahindi yalilala chini katika mamia ya maelfu ya ekari. Hasara ilihesabiwa kuwa takriban dola bilioni 11, na dhoruba ya radi ya gharama kubwa kuliko hiyo ilikuwa haijawahi kurekodiwa Marekani. Watu wanne walikufa.

Siku iliyotangulia hakuna aliyeliona jambo la ukubwa huo likija, na sitawalaumu kwa hilo. Derecho ni ngumu kutabiri. Hutegemea mambo madogo ambayo mitambo huyakosa hadi saa chache kabla. Siku yenyewe watabiri wenu waliamka nayo, wakapandisha kiwango cha hatari kadiri saa zilivyokwenda, wakatoa tahadhari kaunti baada ya kaunti, na miji mingi ilipata nusu saa au zaidi ya kujiandaa. Kazi yao ilikuwa nzuri.

Tahadhari hizo zilifika wapi? Wakati ule tahadhari ya dhoruba ya radi, hata iwe kali kiasi gani, haikuliza simu. Tonado na mafuriko ya ghafla vililiza; upepo wa dhoruba haukuliza. Aliyekuwa na redio, aliyekuwa mbele ya televisheni, aliyeelewa king'ora, alijua. Mliona kasoro na mkairekebisha: tangu tarehe 2 Agosti 2021, dhoruba yenye upepo wa kilomita 130 kwa saa au mvua ya mawe yenye upana wa sentimita 7 huliza simu za watu wote walio njiani. Nawashukuru kwa uamuzi huo. Lakini uamuzi huo uliishia nusu ya safari. Simu ya mama aliyetoka Uvira sasa inalia, na maandishi yaliyomo bado hawezi kuyasoma.

Baada ya upepo kupita, dunia nzima iliona picha za Cedar Rapids: familia za wakimbizi na wahamiaji, za Kiafrika zikiwemo, zikilala kwenye mahema nje ya majengo ya apatimenti yaliyoezuliwa, siku baada ya siku, umeme ukiwa umekatika na simu hazishiki. Watu waliokimbia hema Afrika wakarudishwa kwenye hema Iowa. Habari za wapi chakula kinagawiwa, wapi pa kuchaji simu, nani anayesajili walioathirika, zilipita mdomo kwa mdomo na kwenye makundi ya WhatsApp, zikiwa zimechanganyika na uvumi.

3. Mlio mmoja, maana nyingi

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hili ndilo ninaloliona kwa macho yangu.

Agosti moja, usiku, nilikuwa nyumbani kwa jirani yangu, mama wa watoto wanne. Simu yake ikalia ule mlio mkali wa kukwaruza, ikatetemeka mezani. Kisanduku cheupe kikatokea, maandishi meusi, baadhi yake kwa herufi kubwa. Akakigusa kikaondoka, akaendelea kukoroga ugali. Nilipomuuliza akasema, "Ni ile ya mtoto aliyeibwa." Alikuwa na sababu. Mara ya kwanza simu yake kulia hivyo, mtu kazini alimweleza kwamba kuna mtoto anatafutwa na polisi, na mlio wa tahadhari ya mtoto ni uleule wa dhoruba. Asiyesoma Kiingereza hana njia ya kuvitofautisha. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyeokota simu na kusoma, akatafuta maneno ya Kiswahili, akapata "upepo" na "kujificha", mengine akaacha. Tulishuka chini. Upepo ule uliangusha mti wa jirani na kukata umeme wa mtaa.

Nchi tajiri kuliko zote duniani imemkabidhi mtoto wa darasa la tano kazi ya kuamua kama mama yake na wadogo zake washuke chini au la. Na usiku mama anaporudi kutoka zamuni, mtoto huyo amelala.

Kuhusu simu hizi, FCC iliamua mwaka 2023 kwamba lazima ziweze kuonyesha tahadhari kwa lugha nyingine, na Januari 2025 ofisi yake ikaainisha violezo vya lugha 13 zaidi ya Kiingereza: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihindi, Kihispania, Kiitaliano, Kijerumani, Kikorea, Kikrioli cha Haiti, Kireno, Kirusi, Kitagalogi na Kivietinamu, pamoja na lugha ya alama ya Marekani. Naifurahia orodha hiyo kwa ajili ya kila mmoja aliyemo. Kiswahili hakimo.

Makamishna, naelewa mlivyofika hapo: mlihesabu wasemaji wa lugha nchi nzima, mkachukua zilizo juu. Hesabu hiyo ni sawa kwa sensa na haifai kwa dhoruba. Dhoruba haipigi nchi nzima kwa pamoja. Inapiga kaunti tatu, mji mmoja, mtaa mmoja wa apatimenti. Kwa miaka kadhaa Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko mataifa yote ya wakimbizi walioingia Marekani, na hawakutawanyika sawasawa. Walikwenda kwenye kazi: Des Moines, Waterloo, Cedar Rapids, Iowa City, Sioux Falls, Omaha, Lincoln. Kuna majengo ninayoyajua ambako mlango kwa mlango utasikia Kiswahili, na Kiitaliano hutakisikia kabisa. Violezo vichaguliwe kwa mahali.

Historia yenu wenyewe inatosha kuwa ushahidi. Tarehe 22 Mei 1987 tonado iliingia kijiji cha Saragosa, katika nyanda kavu za magharibi ya Texas, watu wakiwa wamekusanyika ukumbini kusherehekea watoto waliomaliza shule ya awali. Tahadhari ilikuwa imetolewa. Wakazi walikuwa wasemaji wa Kihispania, na vyombo walivyovisikiliza havikuifikisha ipasavyo kwa lugha yao. Watu 30 walikufa. Baada ya hapo Kihispania kilianza kuchukuliwa kwa uzito. Naomba Kiswahili kisisubiri Saragosa yake.

4. Msiiachie mashine peke yake, na msikatishe katikati

National Weather Service ilianza kutumia programu ya kompyuta kutafsiri taarifa kwa Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kisamoa na Kivietinamu. Aprili 2025 mkataba uliisha na tafsiri zikasimama. Wiki chache baadaye zikarudi. Wiki chache za Aprili katika nyanda ni wiki za tonado. Huduma ya kuokoa maisha haiwezi kutegemea tarehe ya mkataba.

Kwa Kiswahili kuna njia iliyo rahisi zaidi na ya kuaminika zaidi. Tahadhari hurudia maneno yaleyale kila mwaka. Hazihitaji kutafsiriwa upya kila usiku. Zinahitaji kuandikwa mara moja, na watu, zikakaguliwa, zikawekwa tayari. Msamiati upo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo na tahadhari kwa Kiswahili mwaka mzima, na wasikilizaji kutoka Kigoma hadi Mtwara wanazielewa: upepo wa kilomita kadhaa kwa saa, mvua kubwa, mawimbi. Ninyi na wao mko katika Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Barua moja kwenda kwa wenzenu ingewapa nusu ya kazi ikiwa imekwisha, nusu iliyobaki ni mambo ya huku: trela, chumba cha chini ya nyumba, mvua ya mawe makubwa. Vivian, South Dakota, tarehe 23 Julai 2010 liliokotwa jiwe la barafu lenye upana wa sentimita 20. Hakuna aliyekulia Uvira anayeweza kulifikiria hilo bila kuambiwa.

Mfano wa ninachokiomba ni huu:

"Dhoruba kali inakuja. Upepo wa kilomita 130 kwa saa unaweza kung'oa miti na kuezua nyumba. Ingia ndani sasa hivi. Shuka chumba cha chini, au kaa bafuni, mbali na madirisha. Usibaki kwenye trela wala ndani ya gari."

Tahadhari ya simu inaruhusu herufi 360. Ujumbe huo haufiki 250. Mkongo wa Bukavu, Mrundi wa Bujumbura na Mtanzania wa Kasulu wote watauelewa, ingawa kila mmoja huongea Kiswahili cha kwao. Naomba pia ujumbe huo usomwe kwa sauti na kurekodiwa, kwa kuwa miongoni mwetu wako wazee ambao vita viliwanyima shule. Hao wataelewa wakisikia, hawataelewa wakiandikiwa.

Najua pia kuhusu amri ya rais ya tarehe 1 Machi 2025 iliyokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyohimiza huduma kwa lugha nyingine. Nimeisoma. Haiwakatazi kutoa huduma. Inawaachia wakuu wa idara waamue. Basi amueni.

5. Kaunti ni ramani yenu, si yetu

Iowa ina kaunti 99. Mtangazaji husoma majina yake haraka, moja baada ya jingine, na aliyezaliwa hapa anajua mara moja kama jina lake limo. Muulizeni aliyefika mwaka juzi anaishi kaunti gani. Atawatajia mji, au kanisa, au Walmart iliyo karibu, au kiwanda. Hakukosea, hayo ndiyo anayoyatumia kila siku. Tahadhari zitaje miji na barabara kuu kabla ya kaunti, na ofisi za dharura zibandike jina la kaunti kwa herufi kubwa kwenye ubao wa matangazo wa kila jengo la apatimenti, pamoja na mahali pa kukimbilia. Majengo mengi wanayopangishwa watu wetu hayana chumba cha chini. Wenye majengo wanajua ngazi ipi na korido ipi ni salama zaidi; wapangaji hawajui, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha siku ya kuwapa ufunguo.

Hali kadhalika king'ora. Kilitengenezwa kwa ajili ya walio nje, hujaribiwa kwa ratiba, na baada ya majaribio kadhaa mgeni huzoea kwamba kikilia hakuna linalotokea. Mwambieni siku na saa ya majaribio, ili kikilia saa nyingine ajue.

6. Mafunzo yawe Agosti pia

Wiki ya kujiandaa na dhoruba hufanywa Machi. Ni sawa kwa tonado za masika. Lakini watoto wetu hurudi shule mwishoni mwa Agosti, familia mpya huhamia mijini kabla shule hazijafunguliwa, na dhoruba za usiku bado zinapita. Aliyefika Juni amekosa yote.

7. Wapeni watabiri watu na vifaa

Hili linawahusu zaidi waliowekwa juu yenu Washington, nanyi mlifikishe.

Kila siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni kwa saa za huku za majira ya joto, ofisi za hali ya hewa hurusha maputo yanayopanda na kupima joto, unyevu na upepo hadi juu sana angani. Bila vipimo hivyo mtabiri hawezi kujua kama hewa iliyo juu ya mahindi imefunikwa na tabaka la joto litakaloizuia isilipuke, au kama kifuniko hicho kitafunguka jioni. Mwaka 2025, kwa upungufu wa watu, maputo yalisimamishwa Omaha na Rapid City, na North Platte na Aberdeen yakapunguzwa hadi mara moja kwa siku. Ofisi ya Goodland, Kansas, ikakosa watu wa kutosha kukaa usiku kucha. Itazameni ramani: hayo ndiyo maeneo yaliyo upande zinakotoka dhoruba zetu. Kuondoa puto Omaha ni kulifumba jicho la Iowa.

Naomba Kiswahili, na ninaomba vilevile kuwe na kitu cha kukitafsiri. Tafsiri nzuri ya utabiri uliotolewa kwa kubahatisha haitamsaidia mtu yeyote. Ninyi mnaokaa mbele ya rada saa tisa usiku, mkiangalia mstari mwekundu ukiingia kutoka Nebraska, mnastahili mwenzenu wa pili chumbani.

Sasa niseme waziwazi nani afanye nini.

FCC iongeze Kiswahili kwenye violezo, au iruhusu kila kaunti kuongeza lugha yake kulingana na wakazi wake. Najua jambo hilo lina taratibu ndefu, na ndiyo maana nasema lianze leo.

Ofisi za hali ya hewa ziandae jumbe chache za Kiswahili zilizokaguliwa na watu: dhoruba kali, tonado, mafuriko ya ghafla, mvua ya mawe, na taarifa kwamba hatari imepita. Hiyo ya mwisho husahaulika, na watu hubaki wamejikunyata bafuni hadi asubuhi. Ziwe na sauti. Ziwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuzichukua na kuzituma WhatsApp, kwa kuwa ndiko watu wetu waliko. Hilo halihitaji sheria mpya, na linaweza kukamilika ndani ya miezi mitatu.

Wakurugenzi wa dharura wa kaunti waketi na wakuu wa viwanda vya nyama. Kila kiwanda kiwe na mtu mmoja katika kila zamu mwenye kazi ya kupokea tahadhari na kuitangaza kwa lugha za wafanyakazi, na kiwe na ruhusa ya kuwabakiza ndani hadi dhoruba ipite, bila kukatwa mshahara na bila kupewa alama ya utoro kwa atakayechelewa zamu inayofuata. Nimewahi kuambiwa na mfanyakazi kwamba aliendesha gari katikati ya mawe ya barafu kwa kuogopa kupoteza nafasi yake. Kioo cha mbele kilipasuka, akaendelea. Mtu mwenye watoto hapaswi kuchagua hivyo.

Nasi hatutakaa tukisubiri. Wachungaji wamekubali kutoa dakika chache kila Jumapili ya Agosti. Maimamu nao wamekubali kuzungumza baada ya sala ya Ijumaa. Wakalimani wenzangu wako tayari kukagua kila mtakachoandika, bila malipo kwa jumbe za kwanza, na vijana wetu waliosoma shule za hapa watarekodi sauti. Ukumbi wa kanisa upo, una viti vya kutosha na chumba cha chini. Jumamosi haifai, viwanda vingi hufanya kazi. Jumapili alasiri ndiyo watu wote wapo. Tunachohitaji kutoka kwenu ni mtabiri mmoja wa kuja kueleza na tarehe ya kuwatangazia watu.

Wenu kwa heshima,

Mkalimani wa Kiswahili
Mashariki ya Iowa